Santuri ya Mwalimu

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika bwalo la shule, Kanazi, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi waliopo.)



Nilipopata barua ya kuombwa nizungumze, nilidhani mngetaka habari za utumishi wa Serikali, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Lakini Katibu wetu aliniambia nichague mwenyewe. Basi nimechagua kuzungumza juu ya santuri moja. Najua wapo watakaosema, mtu mzima ametoka Dodoma kuja kutueleza habari za muziki! Naomba mnivumilie. Kabla sijakaa mtaona kwamba maneno yangu yanahusu lile kasha lililomo katika stoo ya shule hii.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka nyumba ya Mwalimu wetu wa Fizikia, nyuma ya bweni, kando ya migomba. Jumamosi jioni, umeme ukiwapo, Mwalimu alitufungulia mlango tukakaa sakafuni. Gramafoni ilikuwa juu ya meza ndogo, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Humo ndimo nilimosikia kwa mara ya kwanza santuri ninayotaka kuwaelezeni.

Ni santuri ya Herbie Hancock, mpiga piano Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1940. Jina lake ni *Flood*, maana yake gharika. Ni sahani mbili katika jalada moja. Haikupigwa studio, ilinaswa mbele ya watu mjini Tokyo, Japani, mwaka 1975, na kwa miaka mingi iliuzwa Japani tu. Muziki wake ni jazi iliyochanganywa na roki na mdundo mzito wa kuchezeka. Inaanza kwa piano tupu, taratibu, kisha wanaingia wote: vinanda vya umeme, gita la DeWayne McKnight, besi ya Paul Jackson, ngoma za Mike Clark, tumba za Bill Summers, na saksafoni na filimbi za Bennie Maupin. Na juu ya yote hayo unawasikia watu wa Tokyo wakipiga makofi.

Mtauliza santuri ya namna hiyo ilifikaje Kanazi. Mdogo wake Mwalimu alipelekwa Japani kwa mafunzo ya ufundi miaka ya 1970. Sisi tulimwita Baba Mdogo, kwa kuwa Mwalimu alikuwa kama baba yetu. Yeye alituambia kwamba aliinunua kwa sababu ya jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili. Hancock akaitwa Mwandishi, na santuri yake ya mwaka 1971 inaitwa hivyo hivyo. Buster Williams wa besi akaitwa Mchezaji, Billy Hart wa ngoma akaitwa Jabali, na Eddie Henderson, ambaye pamoja na kupiga tarumbeta alikuwa daktari kweli, akaitwa Mganga. Sasa fikirini kijana wa Kihaya amesimama katika duka la Tokyo, hajui kusoma hata herufi moja ya ukutani, anaona santuri ya mtu aitwaye Mwandishi. Angeiachaje?

Jumamosi moja ya mwaka 1995, mimi nikiwa Kidato cha Kwanza, Baba Mdogo alikuja kumtembelea kaka yake. Sahani ya pili ilipowekwa, upande wa tatu, hakuweza kukaa. Alisimama akacheza, sisi tukampigia makofi pamoja na watu wa Tokyo, akageuka kwa madaha, goti likagonga meza. Sindano iliruka ikalia *kwaa!* Tulicheka mpaka machozi. Mwalimu hakucheka. Nasikia hawakusemezana mpaka walipotoka kanisani kesho yake.

Usiku wa tarehe 20 Mei 1996 Baba Mdogo alipanda MV Bukoba kule Kemondo, akienda Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 meli ilipinduka ikiwa imekwisha karibia Mwanza. Sina haja ya kueleza zaidi katika bwalo hili. Hapa Kagera hakuna mtu wa umri wangu asiye na jina lake la kutaja. Ninachotaka kusema ni kwamba tangu siku hiyo Mwalimu hakutupigia tena santuri ile.

Mwaka jana alinipigia simu. Alisema, "Mwanangu, macho yamechoka na mikono inatetemeka. Nikiweka sindano naweza kuiharibu. Nasikia siku hizi santuri inaweza kuingizwa katika kompyuta. Niwekee ile ya Baba Mdogo wako mahali ambapo hata mikono hii haitaiumiza."

Nilikubali, lakini moyoni niliogopa, na lazima niwaambieni sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kaseti moja ya marehemu babu yangu akisimulia habari za ukoo wetu. Niliiingiza katika kompyuta kwa haraka, jioni moja baada ya kazi. Nilitumia faili ya MP3 iliyobanwa mno, ili isichukue nafasi. Kaseti ilikuwa na mvumo, nikaiamuru programu iuondoe. Mvumo ukaondoka. Kisha, kwa ujinga wangu, nikaitupa kaseti. Baada ya muda ndipo nilipogundua kwamba pamoja na mvumo iliondoka mvua iliyokuwa ikinyesha juu ya bati siku ile, na pia sauti ya bibi aliyekuwa jikoni akimsahihisha babu kila alipokosea jina. Babu kabaki, lakini anazungumza kama mtu aliye ndani ya pipa, na bibi hayupo kabisa. Kosa hilo ni langu mwenyewe, wala halirekebishiki.

Kwa hiyo santuri ya Mwalimu niliisafirisha kutoka Bukoba mpaka Dodoma nikiwa nimeipakata magotini, imesimama wima, maana santuri ikilazwa penye joto hupinda. Na niliazimia kwamba kazi hii itafanywa mara moja, polepole, na kwa ukamilifu.

Wadogo zangu mnaosoma sayansi, hebu nisikilizeni kidogo hapa. Upande mmoja wa santuri una mfereji mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni kwenda katikati. Kwa upande wa dakika 20 mfereji huo ukinyooshwa unapita meta 400. Kuta zake mbili zimechongwa kwa kufuata mawimbi ya sauti: ukuta mmoja una sauti ya spika ya kushoto, wa pili ya spika ya kulia. Sindano ya almasi inapita humo na kutikiswa, na mtikisiko huo unageuzwa kuwa umeme mdogo sana. Kila inapopita hula kitu kidogo, na kama ni butu au nzito hula kingi. Ndiyo maana kwanza nilinunua sindano mpya, nikaupima uzito wake ukawa gramu 2 kama mtengenezaji alivyoagiza. Santuri yenyewe niliisafisha kwa maji yaliyokenekwa na kitambaa laini, nikifuata duara la mfereji, bila kuukata.

Umeme huo mdogo lazima upite katika amplifaya maalumu ya santuri. Wakati wa kuchonga, sauti nzito hupunguzwa makusudi ili mfereji usitanuke kupita kiasi, na sauti nyembamba huongezwa. Amplifaya hiyo hurudisha kila kitu mahali pake. Ukitumia amplifaya ya kawaida utasikia muziki mwembamba kama wa nzi ndani ya chupa.

Kisha sauti inageuzwa kuwa tarakimu. Chukueni mfano wa mtu aliyesimama Kemondo na mti wenye alama, anapima mawimbi ya ziwa na kuandika daftarini. Yapo mambo mawili: anapima mara ngapi, na mti wake una alama ngapi. Katika diski za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na mti una alama 65,536, yaani biti 16. Mimi nilipima mara 96,000 kwa sekunde, kwa biti 24, ambazo ni alama 16,777,216. Kwa kipimo hicho dakika moja inachukua karibu megabaiti 35, na pande zote nne za santuri ile zilichukua gigabaiti 3 hivi.

Nisiwadanganye kwamba sikio linahitaji yote hayo. Sikio la kijana mzima linakomea mitetemo 20,000 kwa sekunde, la Mwalimu na langu chini ya hapo, na kipimo cha CD kinatosha kuifikia. Faida yake ipo kwingine. Alama zikiwa nyingi, unaweza kuacha nafasi juu, na ngoma ikipigwa kwa nguvu isifike kileleni na kukatika. Vipimo vikiwa vingi, umbo la kila mkwaruzo linaonekana wazi, na ukitaka kuushughulikia unajua unapoanzia na unapoishia. Tena mtu wa miaka 30 ijayo mwenye programu bora kuliko zetu atakuwa na kitu kamili cha kufanyia kazi. Wataalamu wa nyaraka za sauti duniani wanashauri biti 24, faili isiyobanwa, kwa sababu kama hizo.

Niliifanya kazi usiku, jirani zangu wamelala, feni imezimwa, na kompyuta inatumia betri yake ili mvumo wa umeme wa nyumbani usiingie. Ilinichukua usiku mmoja kwa kila upande. Faili za kwanza nilizihifadhi kama zilivyo, bila kugusa hata nukta, katika diski mbili zilizowekwa nyumba mbili. Somo la kaseti ya babu lilikuwa limeniingia.

Baada ya hapo nikachukua nakala, nikaanza kusafisha. Programu ya kazi hiyo hutafuta kila mlio wa ghafla uliochongoka, wa muda mfupi mno, huukata, na kuziba pengo kwa kukisia sauti ya kabla na ya baadaye. Upande wa tatu ulikuwa na mlio wa *tak* uliorudi kila baada ya sekunde 1.8. Hilo si ajabu: santuri huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na mkwaruzo uliokatisha mifereji hukutana na sindano kila mzunguko. Programu iliufuta wote. Nilijiona fundi.

Krismasi nilikuja nyumbani kama tunavyokuja sote. Nilimwendea Mwalimu, akaniwekea kahawa ya kutafuna, nikamvika vipokea sauti masikioni. Alisikiliza upande wa kwanza na wa pili akitikisa kichwa kwa furaha. Upande wa tatu ulipofika nusu, akavivua.

"Sauti ni safi," akasema. "Lakini haya si makofi ya watu. Ni kama mtu anakunja karatasi. Na Baba Mdogo wako umempeleka wapi?"

Sikumwelewa. Akanyoosha kidole, akagonga meza: *tak*... akangoja... *tak*... akangoja... *tak*. Ndipo nilipoliona goti, na meza, na sisi tulivyokuwa tunacheka. Ndugu zangu, nilikuwa nimekwisha usahau. Nilikuwamo chumbani mkwaruzo ule ulipotokea, na bado nilipoukuta katika kompyuta niliuona kuwa uchafu.

Mwalimu akasema, "Mara ile nilimkasirikia. Sasa nikiweka santuri hiyo ninaisikiliza kwa ajili ya mlio huo tu. Waitu, mrudishe."

Nilimrudisha. Niliweza kwa sababu moja tu: faili ya kwanza ilikuwapo, haikuguswa. Kama ningefanya kama nilivyofanya kwa kaseti ya babu, leo ningekuja hapa kuomba radhi.

Habari ya makofi nayo ina mafunzo. Kofi moja, mbele ya kompyuta, ni mlio wa ghafla uliochongoka, wa muda mfupi. Mkwaruzo nao ni hivyo hivyo. Mimi niliiongeza nguvu programu, nayo ikayala makofi pamoja na mikwaruzo, na ncha za ngoma za Mike Clark pia. Katika santuri ya studio pengine nisingegundua. Lakini santuri iliyonaswa mbele ya watu nusu yake ni watu hao. Tazameni enanga yetu: mpigaji anaimba habari za mashujaa, na waliomzunguka wanamtia moyo. Ondoa sauti zao, utabaki na mtu anayejisemea peke yake. Mashine haijui kofi ni lipi na mkwaruzo ni upi. Anayejua ni mtu aliyekuwapo, au aliyesimuliwa na aliyekuwapo.

Sasa nije kwetu. *Flood* haiwezi kupotea duniani. Nakala zake ni nyingi, na imekwisha tolewa upya katika diski. Niliyoyafanya niliyafanya kwa ajili ya mkwaruzo wa mtu mmoja, nayo nakala ni ya Mwalimu kusikilizia nyumbani kwake. Haki za kuitoa ni za wenyewe. Lakini muziki wa kwetu haukupata bahati hiyo. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi ziliingia studio zikapiga wote kwa pamoja, moja kwa moja, na kilichonaswa ndicho kilichobaki. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nyingi zilichapwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, njia hiyo iliziba. Nyimbo nyingi za miaka ile zilibaki katika kanda za redio peke yake, na kanda inazeeka kama sisi.

Upo hata mfano wa muziki wa namna hii hii. Miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa na bendi iliyoitwa Sunburst, iliyochanganya roki na midundo ya Kiafrika. Ilirekodi Radio Tanzania mwaka 1973, na santuri yake kubwa, *Ave Africa*, ilitengenezwa Zambia mwaka 1976. Kisha bendi ikavunjika, na ukapita muda wa miaka 40 kabla kampuni ya Strut ya ng'ambo haijakusanya kazi zake na kuzitoa upya, mwaka 2016. Tunashukuru. Lakini ni wangapi hawakukusanywa na mtu?

Na hapa ndipo lilipo lile kasha. Wazee wenzangu mnalijua: kaseti za sherehe za mahafali, za usiku wa muziki, za kwaya, za mashindano ya mijadala, na kanda chache za kuzungushwa. Mkuu wa Shule amenionyesha jana. Nyingi hazina maandishi yoyote. Nyingine zina mwaka tu. Zimo sauti za walimu waliokwisha fariki, na za wenzetu ambao leo hatukuwaona mlangoni.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza, Chama chetu kinunue mashine moja nzuri ya kaseti na chombo kimoja cha kugeuza sauti. Mashine ya kanda za kuzungushwa tunaweza kuiazima. Mimi nitatoa ya kwanza na likizo yangu ya mwaka huu. La pili, faili ya kwanza ya kila kaseti isiguswe, na kaseti yenyewe isitupwe hata kama tumemaliza. Mtu akija na hoja ya kusafisha, asafishe nakala. La tatu ndilo zito, nalo ni lenu, wadogo zangu. Kila kaseti itakapopigwa, mwanafunzi mmoja akae na mzee mmoja, na daftari. Aulize: huyu anayecheka ni nani? Kengele hii ni ya nini? Nani aliangusha sahani? Aandike, pamoja na dakika na sekunde. Msiseme ni mambo madogo. Nimewaeleza nilivyoyaona madogo mimi, msomi wa Chuo Kikuu.

Vyombo tunaweza kununua hata mwaka kesho. Wazee wa kuulizwa hatuwezi kununua. Mwalimu wetu amekaa pale mstari wa mbele, na amesema yuko tayari kuanza leo baada ya chakula, mradi asianze na kaseti za hotuba.